Nusu Zambarau, Nusu Maji

Pale dukani kwa sonara hakuna aliyemwita kwa jina lake la nyumbani. Wote walimwita Jicho. Jina hilo alilipata angali msichana, siku za kwanza za kujifunza kukata vito, kwa sababu akilishika jiwe na kulielekeza dirishani mara moja tu, alikuwa anakwambia lina ufa wapi, linataka kukatwa upande gani, na upande gani likiguswa litasusa. Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita. Jina lilikuwa bado lake, ila jicho lenyewe lilikuwa limeanza kumtoroka.

Lilianza la kushoto. Aliamka asubuhi akadhani kioo cha bafuni kimeshika mvuke, akakifuta, akanawa uso, akakifuta tena, mvuke haukuondoka. Baada ya miezi mitatu la kulia nalo likafuata nyayo za mwenzake. Binti yake, ambaye alikuwa nesi na walikaa nyumba moja, alimsimamisha mlangoni mchana kweupe, akamfunua kope kwa kidole gumba.

"Mama, una mtoto wa jicho."

"Najua ninaye. Si ndiye huyu anayenivuta kope?"

"Sitanii, mama. Wanamtoa kwa nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Twende."

"Nitakwenda kazi zikipungua."

Kazi za aina ile huwa hazipungui, na wote wawili walilijua hilo. Kusema kweli Jicho alikuwa amechoka, uchovu ule ambao mtu halali akauamkia umekwisha. Mgongo ulikuwa umezoea kuinamia gurudumu la kusagia mawe hata ukasahau kunyooka. Ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi kwa maji baridi. Na kule kumwambia mtu "sioni", halafu kueleza tangu lini, halafu kuhurumiwa, kulimchosha kabla hata hajafungua mdomo. Basi akawa anafanya kazi kwa masikio na vidole. Jiwe likisagika vyema lina mlio wake, kama mtu anayenong'ona; likikosewa linakohoa. Kwa ujanja huo alivuka msimu mzima wa mvua na hakuna aliyemshtukia.

Ndugu wawili wa kike walikuja Jumanne, mnamo saa nne asubuhi. Sonara mwenyewe ndiye aliyewapitisha mpaka chumba cha nyuma, penye magurudumu mawili, dirisha moja na bomba linalodondosha maji. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu aliyerithi duka kwa mjomba wake, mtu mwema, mwenye ulimi wa asali na papara isiyo na kiasi.

"Mama," alimwambia Jicho, kama alivyomwita siku zote, "nimekuletea kazi tamu."

Mkubwa alikuwa amevaa suti ya kijivu na anavuta begi la magurudumu lenye karatasi ya uwanja wa ndege bado kwenye mpini wake. Mdogo alivaa sweta ingawa kulikuwa na joto, kitambaa cha kichwa kimefungwa bila kutazamwa kwenye kioo. Huyu hakungoja kukaribishwa. Alikaa kwenye kigoda cha pembeni, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

Dada mkubwa akafungua leso, akatoa kidani cha dhahabu nyembamba, na katikati ya kidani jiwe lenye umbo la yai, kubwa kama kucha ya kidole gumba cha mwanamume. Lilikuwa amethisto, lile jiwe ambalo wateja wengi huliita jiwe la zambarau tu, na ukawaelewa. Na kweli lilikuwa na rangi ya zambarau lililoiva likakaribia kupasuka: kwenye kingo linaegemea bluu, na tumboni kuna wekundu kidogo unaojificha na kujitokeza kadiri unavyoligeuza.

"Kilikuwa cha mama yetu," alisema dada mkubwa. "Tumemzika wiki mbili zilizopita."

"Poleni sana," alisema Jicho.

"Jiwe kama hili zamani halikuvaliwa na mtu hivi hivi," sonara aliingilia. "Wafalme, maaskofu, watu wa namna hiyo. Wanasema linatuliza moyo, linaleta usingizi."

"Mama alikuwa anasema linazuia ulevi," alisema dada mkubwa.

Mdogo aliongea bila kufumbua macho. "Alikuwa analitumbukiza kwenye kikombe cha baba kila jioni. Analifunga uzi, analichovya, analitoa, ndipo anampa."

"Likasaidia?" Jicho aliuliza.

"Baba alikunywa mpaka siku ya mwisho. Ila mtaani kwetu ndiye mlevi pekee aliyekuwa na kito kwenye kikombe."

Sonara alicheka. Dada mkubwa hakucheka. "Mama aliamini," alisema. "Alisema bila jiwe angekunywa zaidi, na hakuna anayeweza kusema si kweli. Mama fundi, sisi hatutaki kugombana." Alilisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshagombana vya kutosha. "Kila mmoja wetu analitaka. Tumekubaliana likatwe katikati, kila mtu na nusu yake."

"Mimi ndiye niliyemvua," mdogo alisema, kama anayejisemea. "Alipokata roho. Shingo ilikuwa imevimba, ndoano ikagoma kufunguka."

Dada yake akageuka kutazama ukuta.

Jicho akachukua lenzi yake, akalipeleka jiwe dirishani. Zambarau ikajaa machoni mwake kama pazia. Alilizungusha mara mbili, hakuona ufa, hakuona doa. "Rangi imeenea," alisema. "Linagawanyika. Njooni Ijumaa."

Aliianza kazi Jumatano baada ya chakula. Marehemu mwalimu wake, mzee mmoja mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa na sharti moja aliloliweka juu ya mengine yote: jiwe lolote kabla ya kukutana na msumeno litiwe kwanza kwenye glasi ya maji, glasi iwekwe juu ya karatasi nyeupe, na mkataji alitazame kutoka ubavuni. Ndani ya maji, alikuwa anasema, jiwe halina ujanja. Mng'aro wote unakufa na linabaki lilivyo. Jicho alikuwa amelifuata sharti hilo miaka yote.

Siku ile glasi ilikuwa juu ya rafu, imejaa brashi. Ingebidi ainuke, azitoe brashi, aioshe, aijaze, atafute karatasi. Alitazama rafu. Akajiambia kuwa jiwe hili limeshakatwa na fundi mwingine, na huyo wa kwanza bila shaka alishaliangalia. Akayeyusha nta, akalibandika jiwe kwenye kijiti, akawasha msumeno.

Mlio ulikuwa mzuri, mnong'ono mtupu mwanzo hadi mwisho. Vipande vikaanguka. Akaviosha, akavifuta kwa aproni, akaweka kimoja kiganja cha kushoto na kingine cha kulia, akasogea dirishani.

Cha kushoto kilikuwa zambarau. Cha kulia akadhani ni macho yake. Akafumba moja, akafumba jingine, akafuta miwani kwa pindo la gauni, akabadilisha mikono. Hapana. Kipande kile kilikuwa cheupe kama maji ya kunywa, isipokuwa ukingoni palipopita msumeno, ambapo palibaki kivuli cha rangi, kama doa la wino lililofuliwa mara nyingi.

Hapo ndipo alipoinuka akaiosha ile glasi. Akavitia vipande vyote viwili, akaviinamia, na hata kwa macho yale mabovu akaelewa. Jiwe lote lilikuwa hafifu tangu lilipotoka ardhini. Lilikuwa na rangi mahali pamoja tu, tone lisilozidi punje ya dengu. Fundi wa kwanza, yeyote aliyekuwa, aliliona hilo tone, akaligeuza jiwe mpaka tone likakaa chini kwenye ncha, limeegemea upande mmoja, kisha akazipanga nyuso za jiwe ili mwanga ukiingia ulipitie tone hilo na kuitawanya rangi kila pembe. Punje ya dengu ilikuwa imejaza jiwe zima kwa miaka na miaka. Jicho alimheshimu mtu yule asiyemjua. Halafu akakaa chini kwa aibu, na hakuinuka mpaka beseni la chini ya bomba lilipofurika likaanza kumlowesha viatu.

Sonara alivishika vipande vile, akavigeuza. Kisha akaenda kwenye droo zake, akarudi na mfuko wa kitambaa, akaumimina mezani.

"Sikiliza, mama. Hapa nina mawe mengi ya rangi hiyo hiyo. Tunachukua moja, unalikata lifanane na hiki kipande cha kushoto. Kila mmoja anaondoka na zambarau yake, kila mmoja anafurahi. Kwani nani atajua?"

Jicho aliyatazama yale mawe. Alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo ule ulimvutia kama kitanda kilichotandikwa.

"Basi lichague wewe," alisema.

"Nichague mimi na wewe upo?"

"Mimi sioni, mwanangu."

Sonara akatabasamu, akidhani ni mzaha. Alipoona hacheki, akaokota jiwe moja akamnyooshea. "Hili rangi gani?"

"Zambarau."

"Na hili?"

"Zambarau. Limekolea kidogo."

Akaliweka chini taratibu. "Hilo ni jiwe la moshi, mama. Ni la kahawia." Akavuta kigoda akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua! Na ule mkufu wa mke wa daktari? Na zile pete za harusi?"

"Nilizikata kwa vidole."

"Zilitoka safi," alisema sonara, na kwa muda alisahau hata kukasirika. "Ungeniambia, mama. Mimi ningekula nyama yako?"

"Ningeanzia wapi? Unaniita Jicho mbele ya kila mteja."

Sonara alitikisa kichwa. Baadaye akayarudisha mawe mfukoni, moja moja. "Watatutangaza mji mzima."

"Wacha watangaze. Nitawaambia mwenyewe. Hutasimama mbele yangu wala nyuma yangu."

Ijumaa walikuja muda ule ule. Jicho alikuwa ametandika karatasi nyeupe, ameweka glasi ya maji juu yake, na ndani ya maji vile vipande viwili. Aliwaeleza yote bila kuzunguka: tone la rangi, fundi wa kwanza, glasi ambayo hakuinuka kuichukua, macho yake. "Kosa ni langu," alisema. "Na sina cha kuwadanganya, jiwe likishakatwa haliungwi."

Dada mkubwa alisimama. "Wanakuita Jicho," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu, wanakuita Jicho! Nimesafiri siku nzima, nimekuja kuchukua kitu kimoja tu cha mama yangu, kimoja, na wewe umeshindwa kuinuka kwenye kiti?"

"Ndiyo," alisema Jicho.

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimechoka."

Labda ni hilo neno lililomfumbua macho yule mdogo. Alisogea mezani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa glasi. Alikaa hivyo muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sonara akasogea kumshika akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Punje ya dengu," alisema. "Dada, njoo uone. Punje ya dengu! Huyu ni mama mtupu."

"Unacheka nini? Hivi una akili?"

"Lile kochi, dada. Unalikumbuka lile kochi?"

Dada mkubwa alikunja uso.

"Nyumba nzima tulikuwa na kochi moja zima," mdogo alimweleza Jicho, huku anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa sweta. "Akaliweka linapotazamana na mlango, akalitandika kile kitambaa kizuri. Mgeni akiingia anajua hawa watu wanazo. Akipita nyuma anakuta tunakalia ndoo."

"Na zulia," dada mkubwa alisema. Ilikuwa kama neno limemponyoka.

"Zulia! Lilifika nusu ya sebule. Nusu nyingine akasema ni mtindo."

Sasa walikuwa wanacheka wote wawili, dada mkubwa kwa kusitasita kama mtu anayejaribu mguu ulioteguka. Akakaa juu ya begi lake la safari. Kicheko cha mdogo kiliendelea peke yake kidogo, kisha kikamwishia.

"Nimechoka, dada," alisema. "Miezi kumi na moja. Kumgeuza, kumfuta, kumgeuza tena. Wewe ukanitumia mashuka."

"Yalikuwa mashuka mazuri."

"Mazuri sana. Sikutaka mashuka."

Bomba lilidondosha maji. Sonara alijifanya anatafuta kitu kwenye rafu.

"Nilikata tiketi mara tatu," dada mkubwa alisema, akiangalia viatu vyake. "Kila ikifika siku naiahirisha. Niliogopa kumwona vile. Nikawa najiambia kazi, kazi. Kazi yenyewe, ruhusa ningeiomba kwa dakika tano tu nikapewa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mama naye alijua. Alikuwa anawaambia majirani mkuu wako wa kazi ni mkali."

Dada mkubwa akaziba uso kwa viganja. Mdogo hakumkumbatia, alikuwa amekaa tena kwenye kigoda, kichwa ukutani, ila safari hii alinyoosha mguu mpaka kandambili yake ikagusa kiatu cha dada yake, akauacha hapo.

Walipotulia, dada mkubwa akatumbukiza vidole kwenye glasi, akatoa kipande cha zambarau, akampa mdogo wake. "Chukua hiki. Wewe ulikaa naye."

"Nipe hicho cheupe."

"Usijifanye mtakatifu, tafadhali. Nimechoka na mimi."

"Sijifanyi. Hicho cha rangi ndicho alichowaonyesha wageni. Na wewe ulikuwa mgeni, dada, usinikasirikie. Mama niliyeishi naye mimi ni huyu hapa."

Lilikuwa neno kali na lilimpata. Jicho aliona, kwa yale macho yake, jinsi yule mwanamke mwenye suti alivyourudisha mkono wake. Kisha akakunja kiganja juu ya kile kipande. "Sawa," alisema. "Sawa, mdogo wangu."

Sonara akapata nafasi ya kusema. Aliwaambia kuwa kidani kitatengenezwa upya na hakuna malipo yoyote, na kwamba ng'ambo ya barabara kuu yuko fundi mwingine ambaye angeweza kuvinyoosha vipande vyote kabla ya jioni. Dada mkubwa alikubali, kwa kuwa ndege yake ilikuwa kesho yake. Mdogo alikataa.

"Changu kikae hapa," alisema. "Nitamngoja huyu mama apone."

"Naweza nisipone," alisema Jicho.

"Basi kikae hivyo hivyo. Sina haraka na kitu chochote."

Wiki iliyofuata binti yake Jicho alimpeleka hospitali, jicho la kushoto kwanza, la kulia baada ya mwezi. Siku walipomfungua bandeji aliingia jikoni kwake akasimama kama mtu aliyekosea nyumba. Kuta alizodhani ni za rangi ya maziwa zilikuwa nyeupe pe. Sufuria zilikuwa na masizi ambayo hakuyaona mwaka mzima, na aliyatazama kwa karaha, akavua kitenge cha bega akaanza kusugua. Binti yake akamnyang'anya steli waya.

"Umeambiwa usiiname!"

"Sasa kuona kwenyewe kuna faida gani?"

Alirudi dukani, lakini kwa siku mbili tu za wiki. Mgongo haukuwa na mtoto wa kutolewa. Sonara alimleta fundi mwingine kushika zile siku nyingine, na mbele ya wateja akaanza kumwita Jicho "mama mkubwa", jina ambalo halikumfurahisha sana wala hakuwa na nguvu za kulipinga.

Yule mdogo alikuja baada ya miezi mitatu. Alikuwa ameacha sweta na amepata mwili kidogo, ingawa bado alikaa kigodani bila kukaribishwa. Jicho alikata kile kipande kwa alasiri tatu, na alasiri zote tatu mwenyewe alikuja kukaa pale, mara nyingine bila kusema neno. Jiwe halikuwa na rangi ya kuficha makosa. Kila uso ulibidi ukae sawasawa, la sivyo lingeonekana kipande cha chupa. Siku ya mwisho Jicho alilisafisha, akalitia glasini, akalitazama kutoka ubavuni, akalitoa, akampa.

"Na dada yako?" aliuliza.

"Ananipigia simu kila siku jioni. Ananieleza alichopika, aliyekutana naye, mkuu wake alivyomjibu. Saa nzima."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Naweka simu juu ya mto karibu na sikio, nafumba macho. Mara nyingi nalala kabisa."

"Hakasiriki?"

"Hajui," alisema, akiligeuza jiwe kwenye mwanga wa dirisha. "Nikiamka bado yupo, anaongea."